Jibu la Salamu

Kwa mkwe wangu mpendwa na mwenye heshima,

Pokea salamu za mzee wako, zilizokawia njiani kuliko inavyostahili. Nakuomba radhi kwa kuchelewa huku. Mvua ilikata barabara, ni kweli, lakini sitaki kuisingizia mvua peke yake.

Taratibu ya barua, kama walivyonifundisha mapadre nikingali kwenye kaptura, yaniagiza niandike hapa kwamba sisi huku hatujambo, hofu na mashaka ni juu yako tu. Sentensi hiyo nimeiandika na kuikata, nikaiandika tena na kuikata tena. Uniwie radhi, nafasi yake naiacha tupu.

Ninachokutumia ni kurasa za shajara yangu ya masika haya. Tangu mama yake mkeo atutoke, nimekuwa nikiandika machache kila siku, maana nyumba isiyo na wa kusemezana naye humfanya mtu asemezane na karatasi. Sikuziandika kwa ajili yako, na ndiyo sababu nimechagua kukupa hizi. Zingekuwa zako tangu mwanzo, zingekuwa na adabu nyingi na ukweli haba. Nakusihi uzisome kwa mpangilio wake, usirukie ya mwisho.

*

Jumatatu, Machi 11

Mvua ya kwanza. Binti yangu amefunga saluni mapema kwa sababu ya kichwa. Wateja wawili aliwarudisha, mmoja kichwa nusu kimesukwa na nusu kimesimama. Tulicheka.

Alhamisi, Machi 14

Kichwa bado. Anameza vidonge vya duka la dawa. Nilipomjulia hali aliniambia, "Sijambo, baba." Nikashukuru.

Jumamosi, Machi 16

Mvua.

Jumatano, Machi 20

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali, kwa hiyo mwandiko huu si wangu wa kawaida.

Asubuhi jirani aliniita kutoka saluni. Nilimkuta binti yangu amesimama nyuma ya kiti, chanuo mkononi, akikisuka kiti chenyewe. Hapakuwa na mteja. Nilipomwita aligeuza mwili mzima, maana shingo haikukubali kugeuka, akaniambia kwa heshima zote, "Karibu, utasubiri kidogo, kuna mtu mbele yako." Kisha akatapika.

Sikuwa na gari wala akili. Aliyekuja ni dada wa mkwe wangu, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye mtaa mzima humwita Mama Cheche. Alikuja na pikapu yake ya mageti, tukamlaza binti juu ya maturubai katikati ya nondo. Mama Cheche aliendesha huku akimtukana kila aliyekuwa barabarani, na wasiokuwepo pia.

Hospitalini karani wa mapokezi alituuliza kwa upole, "Habari za mgonjwa?"

"Nzuri," nikajibu, "isipokuwa kwamba..."

"Nzuri gani, mzee wangu!" Mama Cheche akapaza sauti hadi foleni yote ikageuka. "Shingo imekakamaa kama nondo, wewe unasema nzuri? Dada, andika mbaya. Andika mbaya kwa herufi kubwa!"

Nilimwomba karani radhi kwa niaba yake. Mwanamke huyu hana haya. Namshukuru kwa gari, ila ningefurahi kama angebaki garini.

Ijumaa, Machi 22

Wamempima maji ya uti wa mgongo. Daktari wa wodi, kijana mwenye macho ya mtu asiyelala, alituita kwenye chumba chenye mizani na meza isiyo na kiti. Alisema ni kifua kikuu, lakini hakiko kifuani. Kimeingia kwenye utando unaofunika ubongo.

"Lakini hakohoi," nikasema.

"Si lazima akohoe, mzee." Akatuonyesha vidonge vyekundu. "Hivi ndivyo vinavyoua vijidudu. Atavimeza miezi mingi, hata akipona asiache. Halafu kuna hii ya sindano, tunaiita deksa. Hii haiui kijidudu hata kimoja."

"Sasa ya nini?" akauliza Mama Cheche. "Ya kupamba?"

Daktari akamtazama mikono, iliyojaa makovu madogo ya moto. "Mama, wewe fundi vyuma?"

"Ndiyo."

"Chuma kikipata moto kinafanyaje?"

"Kinatanuka."

"Basi. Mwili wake unapigana na vijidudu, na vita ile ina moto. Ubongo unavimba. Na fuvu ni sanduku la mfupa, halina pa kutanukia. Wagonjwa wengi hawauawi na kijidudu chenyewe, wanauawa na vita. Deksa inapoza vita."

"Na ukimpoza askari wako, adui si ataingia ndani?"

"Ndiyo maana haitolewi peke yake, na haitolewi siku zote. Tunaanza na nyingi, halafu kila wiki tunapunguza. Pale tunapopunguza ndipo pa hatari, uvimbe unaweza kurudi. Kichwa kikianza tena kuuma, akitapika, macho yakibadilika, mniambie siku hiyohiyo. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, daktari," nikasema, nikainama kidogo.

Nilielewa kila neno. Naliandika hili ili nisije nikajitetea kwa ujinga.

Jumapili, Machi 24

Mkwe wangu amepiga simu kutoka kambi ya barabara. Yeye ni dereva wa greda, na ili mtandao umfikie hupanda kilima kila Jumapili. Upepo ulikuwa ukimnyang'anya maneno.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Mke wangu hajambo? Nimesikia yuko hospitali."

"Hajambo. Ni kichwa tu, wanamwangalia."

"Nije?"

"Utapitia wapi? Wasema daraja limezama. Tulia na kazi yako, hajambo."

Haukuwa uongo kamili. Asubuhi alikuwa amefumbua macho.

Jumatano, Machi 27

Ameketi! Homa imetoweka kama iliyofukuzwa. Amekula, akaomba tena, akala na cha mgonjwa wa jirani kwa ruhusa yake. Nesi wa zamu ya mchana anasema njaa hiyo ni ya deksa. Iwe ya nani, nimeipenda.

Jumanne, Aprili 2

Sindano zimekuwa vidonge. Uso wa binti yangu umejaa na kuwa duara.

"Makubwa haya!" akasema Mama Cheche. "Dawa ya kutoa uvimbe ndiyo inayomvimbisha! Wifi, kaka akirudi atadhani nimemwozesha mwingine."

Binti alicheka hadi akashika mbavu. Lakini baadaye nilimwona akijipapasa mashavu kwa vidole, taratibu, kama apimaye nywele za mteja.

Alhamisi, Aprili 4

Aibu kubwa. Nesi amekuta vidonge vya deksa vimefungwa kwenye karatasi ya sabuni, chini ya mto. Mama Cheche ndiye aliyemshauri binti avifiche. "Vyekundu meza, hivi vyeupe vinakuharibu sura."

Nesi hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Dawa hii haikatwi ghafla, mama. Mwili umeshaitegemea. Ukiikata, unaweza kumzima kama taa. Unataka kumzima?"

Kwa mara ya kwanza nilimwona Mama Cheche ameinamisha kichwa. Nami nilisema, Mungu anisamehe, nilisema mbele ya wodi nzima kwamba mtu asiye na adabu huwa hana akili pia. Alichukua kofia yake ya kuchomelea akaondoka. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Ijumaa, Aprili 5

Mvua mchana kutwa. Mama Cheche hakuja.

Jumanne, Aprili 9

Dozi imepunguzwa tena. Daktari alipita na jopo lake la wanafunzi. Napenda namna yake. Hapiti kitanda bila salamu, hata akiwa na haraka.

"Mama, hujambo?"

"Sijambo, daktari."

"Mzee, habari za mgonjwa?"

"Nzuri sana, tunakushukuru."

Akaandika, akapita kitanda kinachofuata. Huyu amelelewa.

Ijumaa, Aprili 12

Nilimkuta ameegemeza paji la uso kwenye chuma cha kitanda.

"Kichwa?" nikamwuliza.

"Ni ubaridi tu, baba, unanistarehesha. Sijambo."

Nilimlea mimi hivyo, mimi na marehemu mama yake. Tulimwambia tangu akiwa mdogo kwamba anayekusalimu amekupa zawadi, na zawadi hairudishwi ikiwa na matope. Mtu akikuuliza hujambo, unajibu sijambo, hata kama una donda. Ya donda yatafuata, kama aliyekusalimu ataketi. Asipoketi, unabaki nalo.

Jumapili, Aprili 14

Simu ya mkwe. Sauti yake ilikuwa na furaha, wamepata siku mbili za jua na greda imetembea. Aliuliza. Nilijibu: hajambo, anakula vizuri. Hili la kula ni kweli.

Jumanne, Aprili 16

Alitapika mara tu baada ya uji. Daktari alikuwa ameshaanza upande wa pili wa wodi. Nilichukua taulo langu nikafuta sakafu haraka, nikafungua dirisha, ili asije akakanyaga.

"Mama, hujambo?"

"Sijambo, daktari."

"Mzee, habari?"

"Nzuri."

Dozi imepunguzwa tena. Taulo nimelifua mwenyewe.

Jumatano, Aprili 17

Mvua. Nimelala vibaya.

Ijumaa, Aprili 19

Leo nilifika na maji ya kunywa. Alikuwa macho, ameketi, amejifunga kitambaa vizuri. Sikusema kitu kwa sababu mgonjwa wa jirani alikuwa amelala. Nilimwekea bilauri mkononi. Akanywa, akainyoosha mbele kidogo, pembeni ya mahali nilipokuwa, akasema, "Asante, nesi."

Nilikuwa nimesimama mbele yake, karibu kama nilivyo karibu na meza hii.

"Ni mimi," nikasema.

"Ee, baba. Nilijua." Akatabasamu kuelekea dirishani.

Hata hapo, yeyote atakayesoma hili, hata hapo sikukimbia. Nilijiambia kwamba daktari atapita saa nne, na si vizuri kumkatiza mtu kazini. Nilikaa kwenye kiti nikingojea zamu yangu ya kusalimiwa. Mama Cheche aliingia kabla yake. Alikuwa amepitisha siku nyingi bila kuja, na sasa alikuja na machungwa, hakunitazama.

"Wifi, vipi?"

"Salama, wifi."

"Salama ipi? Nitazame."

Binti akageuza uso kuelekea sauti. Mama Cheche akapunga mkono mbele ya macho yake, mara moja, halafu tena. Kisha akaangusha machungwa yote chini, akapita katikati ya vitanda akikimbia na viatu vyake vya gereji, na sauti yake nadhani ilisikika hadi chumba cha maiti.

Alimleta daktari akimshika mkono wa koti. Lakini kabla hawajafika, binti yangu alikuwa amekaza mwili wote, meno yamegongana, mkono wa kulia unapiga chuma cha kitanda kama anayebisha hodi. Walinisogeza. Nilimwona nesi akimgeuza ubavu. Niliona sindano, nikaona ya pili. Halafu pazia.

Baadaye daktari alitoka. Shati lake lilikuwa limelowa mgongoni.

"Mzee," akasema, "kichwa kimemuuma tangu lini?"

"Wiki. Pengine zaidi ya wiki."

"Alitapika?"

"Ndiyo."

"Macho?"

"Leo. Sijui. Pengine jana."

"Mimi nilipita hapa, mzee wangu. Kila siku. Nilikuuliza kila siku."

Nilikuwa natafuta maneno ya kumwomba radhi. Mama Cheche akasimama kati yetu.

"Hukumuuliza, daktari. Ulimsalimu."

Daktari akafungua faili la mgonjwa.

"Huyu mzee," akaendelea, na sasa sauti yake ilikuwa chini, "ukimkuta anaungua moto ukamwambia habari za asubuhi, atakwambia nzuri, halafu atakuomba radhi kwa moshi. Na mtoto wake ni vilevile. Wewe hujui watu wa hivyo? Wewe kwenu mnajibuje?"

Kijana yule alitazama faili mkononi. "Vilevile," akasema.

Nesi alipita akiokota machungwa chini ya vitanda.

Jumamosi, Aprili 20

Hajaamka. Deksa imerudishwa juu, ya sindano, na vyekundu vinapitishwa kwa mpira wa puani. Daktari ameeleza: vita ilianza tena tulipokuwa tunaipoza kwa pungufu, uvimbe ukabana mishipa ya macho. Dalili zikijulikana mapema, dozi huongezwa siku hiyohiyo.

Jumapili, Aprili 21

Simu ya mkwe iliita. Niliitazama hadi ikanyamaza. Katika maisha yangu sikuwahi kuacha kumwitikia mtu aliyeniita.

Jumatatu, Aprili 22

Bado.

Jumanne, Aprili 23

Bado. Mvua imechukua ukuta wa choo cha jirani.

Alhamisi, Aprili 25

Mama Cheche anakuja kila siku kabla ya kufungua gereji. Leo nilimwomba radhi kwa maneno niliyomwambia juu ya adabu na akili.

"Nilimfichisha dawa, mzee. Ulikuwa na haki."

"Kwa lile nilikuwa na haki. Kwa hili wewe."

"Basi tugawane," akasema, akanimenyea chungwa. Ana namna ya kumenya ganda lote bila kukatika, na hulitazama akimaliza kana kwamba amechomelea kitu. Sikujua kwamba ningeweza kumpenda mtu huyu.

Jumapili, Aprili 28

Leo niliazimia. Niliandika kwenye kipande cha karatasi maneno ya kumwambia mkwe wangu: mke wako ni mgonjwa sana, hajitambui, njoo. Nilisimama nje ya wodi, karatasi mkono mmoja, simu mkono wa pili. Mama Cheche alikuwa amekwenda kwa mteja.

"Shikamoo, baba. Wiki iliyopita sikukupata."

"Marahaba, mwanangu."

"Mke wangu hajambo?"

"Hajambo," nikasema.

Sikulisema mimi. Mdomo ulilisema, kama goti linavyoruka likigongwa. Nilikuwa na karatasi mkononi! Akasema ashukuriwe Mungu, akasema salio linaisha, akanitakia usiku mwema mchana kweupe, kwa furaha. Simu ikakatika. Nilipiga tena, hakuwa tena kilimani.

Alhamisi, Mei 2

Amefumbua macho.

Ijumaa, Mei 3

Daktari alikuja peke yake bila jopo, akavuta kiti, akaketi. Hakusalimu. Nilishtuka, na nilimwona binti yangu ameshtuka pia.

"Kichwa kinauma?"

Binti akajifunga upya kitambaa.

"Kinauma au hakiumi?"

"Kidogo," akasema, kwa aibu, kama aliyeulizwa juu ya nguo zake za ndani.

"Wapi? Nionyeshe kwa mkono. Jana kiliuma kuliko leo? Umetapika? Nina vidole vingapi hapa?"

"Daktari, naona mwanga. Vidole sivioni."

Akaandika. Aliandika muda mrefu. Alipoinuka alisema macho yanaweza kurudi, au yanaweza kurudi nusu, au yasirudi, na kwamba hataniambia lingine kwa sababu hajui lingine. Nilimheshimu.

Jumatano, Mei 8

Anaweza kukaa kwenye kiti. Mama Cheche aliketi sakafuni mbele yake, akafungua kilemba.

"Haya, msusi. Nywele zangu ni chaka tangu Machi. Fanya kazi."

"Wifi, sioni."

"Ulikuwa unasuka huku unatazama televisheni, leo macho ya nini?"

Akasuka. Vidole vilitangulia vyenyewe, vikagawa, vikavuta. Wagonjwa wawili walijikokota kuja kutazama. Mistari ya upande wa kushoto ilinyooka. Upande wa kulia ilianza kupinda, ikapanda juu ya sikio, ikarudi. Aliisikia kwa vidole, akasimama.

Mama Cheche akajipapasa. "Hii umesuka kama barabara ya mume wako," akasema. "Ina kona zote alizokataa kuzinyoosha."

Wodi ilicheka. Binti yangu alicheka, kisha kicheko kikageuka bila kubadilisha sauti, na tukakaa hivyo, Mama Cheche ameegemeza kichwa magotini pake, nusu kimesukwa. Hakumfuta machozi. Hakumwambia anyamaze. Mimi ningemwambia anyamaze.

Ijumaa, Mei 10

Mvua imepungua. Redio yasema malori yameanza kupita barabara mpya kwa zamu.

Daktari asema Jumatatu ya Mei 20 wataanza tena kuipunguza deksa, pole kuliko mwanzo. Hawawezi kuiacha juu. Sukari yake imepanda, na tumbo linaanza kulalamika. "Safari hii," akasema, "nahitaji mtu wa kuniambia ukweli wake kila siku. Yeye bado anaficha. Jana aliniambia hakiumi, nesi akamwona ameuma shuka."

"Mimi nitakwambia," nikasema.

Alinitazama kwa huruma. "Mzee, wewe anakudanganya kwa heshima, nawe unapokea kwa heshima."

Jumapili, Mei 12

Nilimwuliza binti yangu moja kwa moja, bila salamu, jambo lililonitoa jasho: ni nani asiyeweza kumficha?

Alinyoosha shuka magotini. "Mume wangu," akasema mwishowe. "Ananijua kwa pumzi tu. Nikisema sijambo, ananiambia sema tena."

"Basi nimwite."

"Hapana, baba. Nakuomba. Anikute hivi, uso kama ngoma na macho ya sanamu? Akipiga leo mwambie sijambo. Barabara ikiisha nitakuwa naona. Mwambie tu sijambo."

"Sawa, mwanangu," nikasema, na nilikuwa tayari nikijua kwamba sitalitimiza.

Simu ilipoita, nilimpa Mama Cheche. Hakupokea. "Nikimwambia kwenye upepo ule atasikia nusu," akasema, "na nusu yenyewe itakuwa ile mbaya, halafu aanguke na greda. Andika, mzee. Wewe mdomo umekushinda, lakini mkono wako haujawahi kudanganya. Andika, mimi nitapeleka."

*

Basi, mkwe wangu, umefika mwisho wa kurasa, nami nimeishiwa pa kujificha.

Uliniuliza mara tatu kama mkeo hajambo, nami mara zote tatu nilikujibu hajambo, na mara mbili nyingine simu yako iliita bila kupokewa. Sikuombi unisamehe kwa barua. Ni jambo la kuombwa uso kwa uso, nikiwa nimesimama na wewe umeketi. Ninachokuandikia ni hiki, kwa maneno niliyoyakosa kilimani kwako: mkeo haoni. Ana nguvu za kuketi na kula. Vijidudu vinakufa, daktari ana hakika ya hilo. Lakini Jumatatu ya Mei 20 wanaanza kuipoza vita kwa dawa kidogo zaidi, na itakuwa hivyo wiki baada ya wiki, na katika wiki hizo lazima awepo kitandani pake mtu ambaye hawezi kumwambia sijambo. Mtu huyo si mimi. Tumeshajua kwa gharama gani.

Amenikataza kukuita. Kesho asubuhi nitamwambia kwamba nimekuita, na najua atanijibu kwa adabu kamili kwamba si neno, baba. Ndivyo nitakavyostahili.

Mwenye kukuletea hii ni dada yako. Anaondoka kwa lori la kokoto linalokuja upande wenu, amekaa mbele na dereva ambaye tayari amegombana naye, na nywele zake bado nusu hazijasukwa. Amekataa mtu mwingine azimalize. Bahasha sikuifunga kwa gundi, ili ukishindwa kusoma akusomee. Nimemwomba asirudi peke yake.